Mashavu yamenywea baada ya miaka 60: nichague sindano ipi?

Swali: Nina miaka 66. Mwaka mmoja na nusu uliopita nilianzishiwa sindano za kisukari zile zinazopunguza hamu ya kula, nikapungua kilo 14. Sukari imetulia na magoti hayaniumi tena, ila uso umeniangusha. Mashavu yamenywea, mapanja yamebonyea, na mikunjo ya kutoka puani hadi pembe za mdomo imekuwa mifereji. Kila ninayekutana naye ananipa pole ya ugonjwa. Nimekwenda sehemu tatu. Ya kwanza waliniambia nahitaji mabomba sita ya asidi ya hayaluroniki, yote siku hiyohiyo. Ya pili walisema hayo ni ya vijana, mtu wa umri wangu adungwe dawa ya kuamsha kolajeni. Ya tatu wanataka kunitoa mafuta tumboni wayapandikize usoni. Mkamwana wangu anasema Botox peke yake inatosha. Natumia dawa ya kuzuia damu kuganda kwa sababu ya mapigo ya moyo yasiyo sawa, na meno yangu ya juu ni ya bandia, nimeyavaa mwaka wa 11 sasa. Sitaki kuwa msichana, nataka tu watu waache kunipa pole. Nichague ipi? Na je, kuna umri ambao mtu anapaswa kusema basi?

Jibu: Shikamoo mama. Nakushukuru kwa kutaja meno ya bandia na dawa ya moyo, maana ndiyo mambo ambayo wengi huyaacha nje ya barua, na kwako yana uzito kuliko jina la dawa itakayodungwa.

Nianze na jibu lenyewe, sababu zitafuata. Kwa sasa usidungwe chochote kati ya hivyo vinne. Kwanza kamuone daktari wa meno, na uache uzito utulie. Baada ya hapo anza na asidi ya hayaluroniki, kidogo kidogo, kwa sababu ni kitu pekee kati ya ulivyotajiwa ambacho daktari anaweza kukiyeyusha akikosea. Dawa ya kuamsha kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara, inaweza kufuata baadaye. Mafuta ya tumboni, kwa hali yako ya leo, ningekushauri uyakatae. Botox ina kazi nyingine kabisa, na si hiyo unayoitafuta.

Tuangalie kwanza ni nini hasa kimepungua usoni, kwa sababu wote watatu uliowaendea wamekueleza watakachotia bila kukueleza kilichotoka. Wengi hudhani uso wa uzeeni ni ngozi iliyolegea tu. Ukweli ni kwamba nyumba yote imepungua, kuanzia nguzo. Mfupa wa taya ya juu hurudi nyuma, tundu la jicho hupanuka, mfupa wa kidevu na taya ya chini hupungua. Juu ya mfupa kuna mafuta, na hayo hayakutandazwa kama godoro moja. Yamegawanyika katika vifuko vyenye mipaka. Mwaka 2007 madaktari Rod Rohrich na Joel Pessa walionyesha jambo hilo kwa kudunga rangi ya bluu kwenye nyuso za maiti na kufuatilia inakoishia. Vifuko hivi havipungui kwa pamoja. Vile vya ndani, chini ya shavu na kwenye mapanja, hunywea mapema, na vile vya juu yake vikikosa cha kuegemea hushuka. Kwa hiyo ule mfereji wa puani unaokuudhi mara nyingi hauanzii pale unapouona. Unaanzia juu yake, kwenye shavu lililokosa mto. Kisha ndiyo huja ngozi yenyewe: katika miaka 5 ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, mwanamke hupoteza takriban asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi yake, halafu upungufu huendelea polepole.

Juu ya yote hayo, wewe umepungua kilo 14 kwa muda mfupi, na uso haujui kuchagua mafuta ya kutoa.

Sasa meno. Jino likitoka, mfupa uliolishika hauna kazi tena, na mwili huanza kuula. Haishi mwaka wa kwanza wala wa pili, huendelea miaka yote. Meno ya bandia yaliyotengenezwa miaka 11 iliyopita yalipimwa kwenye ufizi ambao leo haupo. Yakilegea, au yenyewe yakisagika, umbali kati ya pua na kidevu hupungua, mdomo wa juu hukosa mhimili na kuingia ndani, pembe za mdomo huinama, na mikunjo ya pembeni huzama zaidi. Mwenye meno ya namna hiyo anaweza kutiwa mabomba matatu kuzunguka mdomo na bado aonekane ameuma kitu. Jaribu hivi nyumbani: simama mbele ya kioo, yavae meno, weka pamba safi kidogo kati ya meno na mdomo wa juu, halafu jitazame ubavuni. Ukiona nusu ya tatizo imeondoka, basi nusu hiyo ni ya daktari wa meno, na hakuna sindano itakayoifanya vizuri kuliko yeye. Mimi humwambia mgonjwa waziwazi kwamba fedha zake zianzie huko. Mara nyingine harudi kwangu, na sioni ubaya.

Kuna sababu nyingine ya kuanza na meno. Kazi ya meno humwaga bakteria kwenye damu kwa muda, na bakteria hao wanaweza kutua kwenye kitu kigeni kilichodungwa. Tunapenda zipite angalau wiki 2 kati ya kazi kubwa ya meno na sindano ya uso, iwe kabla au baada. Ukimaliza meno kwanza, hesabu hiyo inakuwa rahisi.

Kuhusu uzito: je, bado unapungua? Kama ndiyo, ngoja. Ningependa mizani yako isimame mahali pamoja kwa takriban miezi 6 kabla ya kujaza chochote, kwa sababu ukiendelea kupungua tutakuwa tunafuata shimo linaloendelea kuchimbwa, na ukirudisha kilo tano mashavu yatarudi na tulichoweka kitakuwa cha ziada. Usiache wala kupunguza dawa ya kisukari kwa ajili ya mashavu. Hilo nalisema kwa sauti kubwa kwa sababu nimeshaona waliofanya. Wewe unajua kwa nini umekonda. Msomaji mwingine ambaye mapanja na mashavu yamebonyea naye hajui kwa nini amekonda, asianze na mtu wa kujaza uso, aanze na vipimo hospitalini.

Tuje kwenye dawa zenyewe.

Asidi ya hayaluroniki si kitu cha ajabu, unayo mwilini sasa hivi. Mtu wa kilo 70 ana gramu 15 hivi, na karibu theluthi yake hubomolewa na kutengenezwa upya kila siku. Iligunduliwa mwaka 1934 kwenye jicho la ng'ombe, na Karl Meyer na mwenzake John Palmer. Ikidungwa kama ilivyo, ingeyeyuka ndani ya siku chache, ndiyo maana viwandani huunganishwa nyuzi zake kwa kemikali ikawa jeli inayokaa miezi 6 hadi 18, na baadhi ya jeli ngumu za mashavuni hadi miaka 2. Hizo ndizo watu wengi huziita fila. Jeli hizi si moja. Ipo ngumu inayoweza kubeba shavu ikiwekwa juu ya mfupa, na ipo laini inayofaa midomo. Anayekuambia "nitakuwekea fila" bila kutaja ipi na wapi ni kama fundi anayekuambia atatumia mbao.

Sifa yake kubwa, kwangu, ni kwamba ina dawa ya kuiyeyusha, kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi. Ikizidi, ikikaa vibaya, au Mungu apishe mbali ikaingia kwenye mshipa wa damu, kuna la kufanya. Mtu wa miaka 66 anayedungwa usoni kwa mara ya kwanza hajui uso wake utapokeaje, na daktari naye hajui. Ndiyo maana naanza na kinachofutika. (Kama umewahi kuvimba vibaya kwa kuumwa na nyuki, mwambie daktari kabla, kwa sababu kimeng'enya cha jamii hiyohiyo kimo kwenye sumu ya nyuki.)

Je, mabomba sita ni mengi? Hapa nitakushangaza: hesabu yenyewe si ya wizi. Bomba moja kwa kawaida lina mililita 1, na kijiko cha chai kina mililita 5, kwa hiyo sita ni kijiko kimoja cha chai na tone la kubakia. Uso uliopoteza mifupa, mafuta na kilo 14 unaweza kabisa kuhitaji kiasi hicho mwishowe. Ninachokataa ni "siku hiyohiyo". Jeli hii huvuta maji, uvimbe wa siku za kwanza huficha ukweli, na ngozi ya umri wako haina unene wa kuficha makosa. Mimi ningeweka mililita 2 siku ya kwanza, ndani kabisa, juu ya mfupa wa mashavu, kisha ningekurudisha nyumbani kwa wiki 4. Ukirudi tunatazama tena, umekaa na si umelala, kwa mwanga wa dirishani. Mapanja yangefuata, halafu kidevu na mstari wa taya. Mifereji ya puani ningeigusa mwisho, kama bado inahitaji kuguswa.

Somo hilo la mifereji nililipata kwa aibu. Miaka yangu ya mwanzo alikuja mwanamke wa umri kama wako, akaniwekea kidole kwenye mikunjo yake akasema "hapa", nami nikajaza hapo alipoonyesha. Mikunjo ilifutika. Baada ya mwezi alirudi na picha ya harusi ya mwanawe: sehemu ya chini ya uso ilikuwa nzito, mdomo umetuna kama wa nyani, na macho yamepotea nyuma. Hakuna aliyeona mikunjo, ila kila mtu aliona kuna kitu. Niliyeyusha yote, tukaanza upya kwenye mashavu kwa nusu ya kiasi kile. Tangu siku hiyo, kidole cha mgonjwa hunionyesha kinachomuudhi tu. Pa kuingiza sindano napatafuta mwenyewe.

Angalizo moja kuhusu chini ya macho, kwa sababu najua ukianza utataka na hapo. Kama asubuhi unaamka na vifuko vya maji chini ya macho, jeli ya kuvuta maji ikiwekwa pale itavikuza. Ngozi ya pale ni nyembamba kuliko zote, na makosa hukaa miaka, kwani picha za MRI zimeonyesha jeli ikiwa bado ipo muda mrefu baada ya ule uliotangazwa. Mara nyingi shavu likiinuliwa, lile shimo la chini ya jicho hupungua lenyewe. Ngoja uone.

Wale wa sehemu ya pili, wa kuamsha kolajeni, hawakukudanganya kabisa. Wamekosea tu mpangilio. Kuna mbili kubwa. Moja ni asidi ya polilaktiki, ndugu wa nyuzi za kushonea zinazoyeyuka mwilini. Ilipata kibali Marekani mwaka 2004, na wala si kwa ajili ya urembo: ilikuwa kwa watu wanaoishi na VVU ambao mashavu yao yalikuwa yamekauka, mara nyingi kwa sababu ya dawa za zamani kama stavudini. Watu hao walikuwa wakitambuliwa mitaani kwa mashavu yao tu. Naikumbuka kila ninaposikia mtu akisema kujaza uso ni anasa. Kibali cha urembo kilikuja 2009. Haijazi siku ile. Unachokiona ukitoka ni maji iliyochanganywa nayo, nayo hukauka baada ya siku chache ukabaki kama ulivyokuja. Kisha mwili, kwa wiki na miezi, hujenga kolajeni yake kuzunguka chembe zile. Huhitaji ziara mbili au tatu zilizoachana wiki kadhaa, na matokeo huweza kufika miaka 2 au kupita. Uzuri wake ni kwamba uso hunenepa polepole na hakuna anayejua ni lini. Ubaya: haina dawa ya kuiyeyusha, na ikichanganywa nzito au ikidungwa juujuu huacha vinundu. Ndiyo maana huambiwa usugue uso dakika 5, mara 5 kwa siku, kwa siku 5. Midomoni na kuzunguka macho haiwekwi.

Ya pili ni haidroksiapatiti ya kalisi, madini yaleyale ya mifupa na meno, katika chembe ndogo zinazoelea kwenye jeli. Hiyo hujaza siku ileile na kuamsha kolajeni baadaye, hukaa mwaka 1 hadi mwaka na nusu. Ni nzuri kwenye taya. Nayo haiyeyushwi na kimeng'enya kile, nayo hairuhusiwi midomoni wala chini ya macho. Tena huonekana nyeupe kwenye eksirei na CT, kwa hiyo daktari wa meno akikupiga picha mwambie mapema, asije akadhani ameona ugonjwa.

Kwa ngozi nyeusi, kuna neno la ziada. Ngozi yetu huchelewa kukunjamana, na mara nyingi uso huzeeka kwa kushuka na kubonyea kuliko kwa makunyanzi madogo, kwa hiyo kujaza hutufaa vizuri kuliko mengi yanayouzwa. Lakini kila tundu la sindano linaweza kuacha doa jeusi kwa miezi. Daktari anayetumia kanula, ule mrija wenye ncha butu unaopita kwenye tundu moja au mawili, hukupunguzia madoa na damu kuvilia. Na kama una historia ya keloidi, yale makovu yanayovimba na kupita mipaka ya jeraha, iseme kabla ya kitu chochote kinachoamsha kolajeni.

Mafuta yako mwenyewe sasa. Wazo hilo ni la zamani kuliko yote, mwaka 1893 Mjerumani Gustav Neuber alihamisha mafuta kutoka mkononi kujaza kovu lililobonyea usoni. Kwa mtu mwenye afya, uzito uliotulia na hitaji la kiasi kikubwa, ni njia ninayoiheshimu sana, maana yanayoshika hubaki miaka mingi. Lakini hakuna anayeweza kukuahidi ni kiasi gani kitashika. Sehemu kubwa huweza kufa ndani ya miezi ya mwanzo, na iliyoshika hubaki na tabia ya tumbo ilikotoka: ukinenepa inanenepa, ukikonda inakonda. Uzito wako bado hatujui kama umetulia. Kuyatoa ni upasuaji, mdogo lakini upasuaji, na wewe damu yako haigandi kwa urahisi. Nayo yakiingia kwenye mshipa wa damu hakuna cha kuyayeyusha. Mimi nakwambia hapana ya mwaka huu. Baada ya miaka miwili, ukiwa kilo zilezile, tunaweza kuzungumza.

Mkamwana wako mpe salamu. Botox hulegeza misuli kwa miezi 3 hadi 4, haijazi hata punje. Tena kwa umri wako kuna mtego: watu wengi wenye kope zilizoshuka huinua nyusi mchana kutwa bila kujua ili waone vizuri, na ndiyo mistari ya paji la uso. Ukiilegeza misuli hiyo, nyusi zinashuka na kope nazo. Utaachwa na paji laini na macho yaliyofungwa nusu, na pole zitaongezeka.

Vitu vya kudumu, visivyoisha mwilini, visikuguse. Uso unaendelea kubadilika, kile kinabaki pale kilipowekwa. Silikoni ya maji na mafuta ya aina yoyote ya chupani, kataa hata ukipewa bure. Tangu vaselini na parafini zilipoanza kudungwa mwishoni mwa karne ya 19, tunajua kinachofuata: vinundu vigumu, vidonda, na upasuaji ambao hauvitoi vyote. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya pia kuhusu vile vikalamu vinavyosukuma fila kwa hewa bila sindano. Kipya kinyemi, lakini uso si mahali pa kujaribia.

Sasa hatari yenyewe, ambayo naona hakuna hata mmoja wa wale watatu aliyekutajia. Damu kuvilia na uvimbe wa wiki moja ni jambo la kawaida. Hatari ninayoiogopa ni mshipa wa damu kuzibwa. Mishipa ya kati ya nyusi, ya pua na ya paji imeungana na ule unaolisha jicho, na kitu kikisukumwa kwa nguvu ndani yake kinaweza kurudi hadi kwenye retina, ule utando wa kuonea ulio nyuma ya jicho. Upofu wa namna hiyo ni nadra, lakini ukitokea mara nyingi haurudi, kwa sababu retina haivumilii kukosa damu zaidi ya saa moja na ushei. Kwa hiyo giza la ghafla kwenye jicho, kuona mbilimbili, ulimi mzito au mkono kulegea wakati wa sindano au muda mfupi baadaye ni safari ya hospitali kubwa dakika hiyohiyo. Ngozi nayo ikikosa damu huuma kuliko inavyostahili, hupauka, kisha hupata michoro kama ya wavu. Kwa ngozi nyeusi kupauka huko hakuonekani vizuri, kwa hiyo tunabonyeza kwa kidole na kuhesabu: rangi ikichelewa kurudi kuliko upande wa pili, ni dharura. Na usitegemee maumivu peke yake, fila nyingi zina dawa ya ganzi ndani. Ukifika nyumbani na usiku eneo likaanza kuuma na kubadilika, piga simu usiku huohuo. Swali la kumuuliza daktari kabla ya kulala kitandani pake ni moja: "Hayaluronidesi iko humu chumbani?" Akisema inaweza kuagizwa, vaa viatu.

Dawa yako ya kuzuia damu kuganda usiiache hata siku moja kwa ajili yangu au ya mwingine. Umepewa ili kuzuia kiharusi, na alama ya damu shavuni ni bei ndogo mno ikilinganishwa. Kama kuna la kubadilisha, ni daktari wako wa moyo atakayesema. Sisi kazi yetu ni kutumia kanula, kwenda taratibu, kubonyeza muda mrefu zaidi, na kukutayarisha kwamba utavilia damu kuliko jirani yako. Vidonge vya mafuta ya samaki na vitamini E, kama unavitumia kwa hiari yako tu, hivyo unaweza kuvipumzisha wiki moja au mbili kabla. Njoo na kipimo chako cha sukari cha miezi mitatu. Sukari iliyotulia hupunguza maambukizi. Kama hupata vipele vya homa mdomoni, sema, utapewa kinga kabla ya kudungwa karibu na hapo. Na kama utaugua mafua makali au kuchanjwa miezi kadhaa baadaye ukaona shavu limevimba palepale palipojazwa, usiogope sana, mwili wakati mwingine huikumbuka jeli ile unapoamka kupambana na kingine. Ila njoo tuangalie.

Kila unachodungwa kiandikwe kwenye karatasi utakayobaki nayo: jina la dawa, namba ya toleo iliyo kwenye boksi, kiasi, na mahali. Boksi lifunguliwe mbele yako. Miaka mitano ijayo daktari mwingine akikuta kinundu, karatasi hiyo ndiyo itakayoamua kama anaweza kukiyeyusha au la.

Umri wa kusema basi haupo kwa hesabu ya miaka. Nimemdunga bibi wa miaka 81 na akatoka vizuri, na nimemrudisha mwanamke wa miaka 49. Ninachokitazama ni ngozi: ikiwa inaning'inia kuliko ilivyobonyea, hasa shingoni na chini ya taya, kuijaza mpaka ijivute ni kumpa mtu uso wa puto. Hiyo ni kazi ya kisu au ya kuachwa ilivyo. Na natazama kama anayetaka ni wewe mwenyewe. Kwa barua hii, wewe nimekuelewa. Ukija usilete picha ya miaka 25, lete ya ulipokuwa na miaka 50 hivi, kabla ya kilo kuondoka, uso umetulia na hucheki. Njoo bila vipodozi, na uje na meno mapya mdomoni. Bila hayo sitafungua boksi.